Akaunti tisa, watu wanne: tutumie programu gani?

SWALI: Ndugu mhariri, tunasimamia kurasa za nyumba tatu za wageni Shela na mashua moja ya matembezi: Facebook nne, Instagram nne, TikTok moja. Tuko wanne, sote tunatumia nenosiri moja. Juzi picha ya nyumba moja ilitokea kwenye ukurasa wa nyingine. Tununue programu gani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Msinunue kwanza. Meta Business Suite, programu ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ni ya bure na hupanga mapema saa ya kutoka kwa machapisho ya mitandao hiyo miwili, yaani akaunti nane kati ya tisa zenu. TikTok ipangeni kando.

Kinachowaponza ni hilo nenosiri la pamoja. Kila mtu aingie kwa akaunti yake na apewe ruhusa ya ukurasa anaoushughulikia tu. Hapo si rahisi picha kupotea njia. Mamlaka kamili yabaki kwa watu wawili, maana simu ya mmoja ikianguka majini msifungiwe nje. Instagram ziwe za biashara, kila moja iunganishwe na ukurasa wake wa Facebook.

Angalieni saa pia. Saa moja jioni ni 19:00. Ukiandika 1:00, tangazo litatoka saa saba usiku.

Mkija kulipia programu nyingine ya kupanga machapisho, ulizeni hesabu: Buffer hutoza kwa akaunti, Hootsuite kwa mtumiaji. Ulizeni pia kama rasimu inaweza kusubiri idhini kabla ya kutoka. Na mkibadilisha nenosiri la Facebook, unganisheni upya akaunti na programu hiyo siku hiyohiyo, la sivyo machapisho yaliyopangwa yanaweza kukwama.