Sola Haili Joto: Jibu kwa Msomaji wa Makete

"Fundi kaniambia sola haifai huku kwetu, baridi imezidi." Ujumbe huo umetoka Makete, wilaya ya baridi mkoani Njombe, na fundi huyo kakosea.

Paneli hula mwanga, na mwanga huo hutegemea joto la jua lenyewe, si la hewa ya Makete. Uso wa jua una kelvini 5,772 hivi (karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi), na kila mita yake ya mraba hutoa wati milioni 63. Nguvu hiyo hufuata kipeo cha nne cha joto (kelvini × kelvini × kelvini × kelvini): jua likipoa asilimia 1, mwanga unapungua karibu asilimia 4. Kisha umbali. Mulika tochi ukutani kutoka mita 1, halafu rudi nyuma hadi mita 2. Duara linapanuka mara mbili, eneo lake mara nne, na kila sehemu inabaki na robo ya mwanga. Sisi tuko mbali na kitovu cha jua mara 215 ya nusu kipenyo chake. Gawa milioni 63 kwa 215, gawa tena kwa 215: wati 1,360 hivi kwa mita ya mraba, juu ya angahewa.

Wanaosema Mbeya iko karibu na jua kwa sababu ya mita 1,700 za mwinuko wanachekesha. Jua liko kilomita milioni 150! Mwinuko unatupa hewa nyepesi tu, inayopitisha mwanga zaidi.

Januari dunia husogea hadi kilomita milioni 147, Julai hurudi hadi 152. Tofauti ya mwanga ni kama asilimia 7. Lakini Januari huku ni mvua na mawingu. Julai anga ni jeupe, ila jua la mchana limelalia kaskazini, kwa hiyo elekeza paneli huko, mwinamo nyuzi 10 hadi 15, na uache sentimita 10 juu ya bati hewa ipite. Paneli ikichemka hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya joto juu ya 25 za Selsiasi.

Baridi inaua kitu kingine: chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Volti ya paneli hupanda karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi 1 chini ya 25. Paneli tatu za Voc 49 (volti za paneli isiyobeba mzigo, kwa nyuzi 25), zikiungwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine volti zikijumlishwa, ni volti 147. Kwenye kontrola yenye kikomo cha volti 150 zinaonekana salama. Asubuhi ya sakitu (umande ulioganda), nyuzi 0, zinafika 158. Kontrola inaungua, fundi analaumu baridi. Unga mbili tu kwa mfululizo.