Senario za dunia hazikai kijijini, tufanyeje?

Swali: Habari mtaalamu. Mi ni katibu wa BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi na fukwe, huku Pangani, tunataka kupanga mambo ya mikoko na uvuvi wetu mpaka 2050. Tumepewa zile senario nne za dunia, yaani stori za jinsi mambo yanavyoweza kuwa baadaye, za tathmini ya mifumo ikolojia ya 2005 tukaambiwa tuzishushe kijijini, ila kila tukikaa kikao watu wanasinzia. Tunakosea wapi?

Jibu: Salama katibu. Shida haiko kwenu, iko kwenye huko kuzishusha. Zile senario zilijibu maswali ya dunia, mfano nchi zitafunguliana biashara au kila mtu atajifungia kwake, watu watategemea teknolojia au watasimamia mazingira bonde kwa bonde. Mvuvi wa Pangani anauliza kingine kabisa, chumvi itapanda mto mpaka wapi, na mikoko ikiisha samaki wadogo watakulia wapi.

Anzeni na swali hilo lenu, moja tu, halafu jiulizeni vitu gani hamviwezi ila vinawafikia. Kwenu ni mto na bahari. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanashuka na Kikuletwa na Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, njiani kuna mashamba ya umwagiliaji kibao, chini tena kuna mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, yaani yanayofika kwenu mdomoni mwa mto ni yale yaliyobaki kila mtu akishachukua chake, na yakipungua ndo chumvi inapanda. Hiyo ngazi ya bonde. Ngazi ya dunia inaingilia baharini, maji kupata joto na usawa wa bahari kupanda, na hapo ripoti za dunia zina faida kweli, chukueni makadirio ya chini na ya juu, siasa za dunia ziacheni hukohuko.

Sasa karatasi la manila, chora msalaba. Mstari mmoja maji ya juu yanakuja mengi au machache, wa pili mikoko mnaisimamia pamoja au kila mtu na panga lake. Vyumba vinne, stori nne. Bahari kupanda msiiweke kwenye msalaba jamani, hili watu wengi wanalikosea, iingie stori zote nne kwa sababu inakuja tu, kinachobishaniwa ni kiasi.

Kila chumba wape kundi tofauti, wakinamama wa mwani, wavuvi, wenye minazi kando ya mto. Usiwaulize "mazingira yatakuwaje", muulize mama, ni 2040, kaskazi, mto umekauka, umeamka asubuhi unaenda wapi? Atakwambia visima, bei ya maji, mtoto kaacha shule, vitu ambavyo hakuna modeli ya kompyuta ingevitoa. Na msipige kura stori ipi itatokea, senario sio utabiri, mkishachagua moja mmeua kazi yote.

Halafu chukueni kila mpango wenu, mfano kupanda mikoko ufukwe fulani, upitisheni vyumba vyote vinne. Ukisimama kwenye kimoja tu, huo mpango ni wa kubahatisha. Ile stori ya maji machache ipelekeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana wanaogawa maji huko juu wanatakiwa wasikie yakipungua mdomoni kinatokea nini, na hilo hakuna wa kuwaeleza vizuri kuliko nyie.