Filamu za zamani za kuonyesha lupangoni: uanze na zipi, na kopi gani

Ndugu wa Katuba hapa Lubumbashi, umeuliza filamu gani za zamani au zilizosahaulika zinafaa kuonyeshwa Jumamosi kwenye lupango (uani kwako), maana kila ukiweka "klasiki" watu wanaanza kuchezea simu. Mara nyingi filamu haina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio na kwenye kopi. Mtu aliyezoea mapigano ya Marekani ukimwekea Touki Bouki (Djibril Diop Mambéty, 1973) usiku wa kwanza, umemfukuza: hadithi inarukaruka, na mapema kabisa ng'ombe wanachinjwa kweli mbele ya kamera. Ni filamu kubwa, lakini wawekee waliokwisha kunogewa.

Anza na Makala ya Emmanuel Gras (2017), dakika 96. Watu wanaongea Kiswahili chetu cha Katanga, kwa hiyo hakuna haja ya kusoma maandishi. Kabwita anaangusha mti, anachoma makala (makaa), anapakia magunia kwenye baiskeli na kuisukuma kama kilomita 50 mpaka Kolwezi. Ni hayo tu. Ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique, sehemu ya tamasha la filamu la Cannes, ila sifa yake kwetu ni kwamba kila mtu aliyekaa pale anajua bei ya gunia. Kuna vipande virefu vya kusukuma bila neno hata moja. Hapo pumzi na mlio wa baiskeli ndio hadithi yenyewe, kwa hiyo jenereta ikae mbali, nyuma ya ukuta.

Wiki inayofuata weka Le Voleur de bicyclette (Vittorio De Sica, 1948), dakika 89. Baiskeli tena, safari hii Roma baada ya vita. Mwigizaji mkuu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, si mtu wa sinema. Usiwaache watu wapitwe na sehemu ya rehani: mke anatoa mashuka ya kitanda ili baiskeli ikombolewe, kisha karani anayabeba na kupanda nayo kwenye rafu ndefu zilizojaa mashuka ya familia nyingine. Hakuna anayeeleza chochote, na umaskini wa mji mzima umeshaonekana.

Ningeambiwa nichague moja tu kwa watu wa hapa, ningetaja Mandabi ya Ousmane Sembène (1968). Mzee Ibrahima Dieng, wake wawili, kazi hana, anatumiwa mandati (hundi ya pesa ya posta) ya faranga 25 000 na mpwa wake aliyeko Paris. Kati ya hizo, zake ni 2 000 tu. 3 000 ni za mama wa kijana, 20 000 za kumwekea kijana mwenyewe. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa na picha. Ofisi moja inamrusha kwa nyingine, na huku majirani wamesikia kuna pesa, wanapanga foleni mlangoni kukopa mchele. Aliyewahi kufuata karatasi komini hahitaji mtu wa kumfafanulia. Angalia kitu kimoja: Sembène alipiga filamu hii mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Chukua ya Kiwolofu yenye maandishi ya Kifaransa. Ipo kopi iliyosafishwa upya, rangi zake ni safi. Zile zilizorekodiwa kutoka kaseti zimekuwa kahawia tupu.

Kwa madereva na watu wa garaji, hakuna kinachoshinda Le Salaire de la peur ya Henri-Georges Clouzot (1953). Wanaume wanne, malori mawili, nitrogliserini ya kuzimia moto wa kisima cha mafuta, dola 2 000 kwa kila atakayefika. Kuna kipande cha barabara yenye mawimbi, ile inayotingisha gari mpaka meno: ama uende mbio gari ipae juu ya migongo, ama utambae. Dereva yeyote aliyepita vumbi la kiangazi atabishana na skrini. Lakini saa ya kwanza ni kijiji, joto na watu wasio na kazi. Waonye, na usiruke mbele, maana bila hiyo saa hutajali nani anakufa. Hapa kopi ndiyo mtego. Kamili inakaribia saa mbili na nusu. Ikiwa chini ya saa mbili imekatwa, na waliokata waliondoa hasa yale yanayoigusa kampuni ya mafuta ya Wamarekani. Tena kuna filamu ya 2024 yenye jina hilohilo. Ukitafuta, andika mwaka.

Mtego kama huo uko kwa Lumumba ya Raoul Peck. Ya mwaka 2000 ni ya kuigiza, na ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, kwa hiyo wazee watasema barabara hizo si zetu, na ni kweli. Miaka kama kumi kabla, Peck huyohuyo alitoa Lumumba, la mort du prophète, ya kumbukumbu, dakika 69. Hiyo ndogo ndiyo bora, kwa maoni yangu, na wachache wameiona.

Siku watu wamechoka na huzuni, weka La Vie est belle (1987): Papa Wemba kama kijana wa kijijini anayetafuta muziki Kinshasa. Mweze Ngangura, mmoja wa waongozaji wake wawili, ni mzaliwa wa Bukavu. Watoto wape Chaplin, Les Temps modernes (1936). Karibu haina maneno.

Sasa mambo ya mashine. Faili la maandishi (.srt) liwe na jina lilelile la filamu, folda ileile. Kwenye VLC, programu ya kuchezesha filamu, maandishi yakiwahi bonyeza H, yakichelewa bonyeza G. Lakini yakianza sawa kisha yanaachana na sauti polepole, kama sekunde mbili na nusu kila dakika, usihangaike na hizo herufi: maandishi yalitengenezwa kwa picha 25 kwa sekunde na kopi yako ni ya 23,976, au kinyume chake. Tafuta .srt ya kopi hiyo, au ibadilishe kwa programu ya Subtitle Edit. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Picha ipo na sauti hakuna? Mara nyingi sauti ni ya aina ya DTS na televizheni haiijui, tumia kompyuta. Na usivute picha ya zamani ijaze skrini: hizi za 1948 na 1953 ni karibu mraba, ziachie weusi wa pembeni, la sivyo sura zote zitanenepa.

Ukilipisha kiingilio, unahitaji ruhusa ya mwenye filamu. Ulizia Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni wa Kifaransa Lubumbashi, jinsi ya kumfikia.

Umeme wa SNEL ukikatika, hesabu ni hii. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 100, ni Wh 1 200 kwa karatasi. Tumia nusu tu usiiue, ondoa inayoliwa na inveta, unabaki na kama Wh 520. Projekta ya taa ya W 250 pamoja na spika ya W 40 zinakupa saa moja na dakika 45 hivi. Mandabi inatosha, Clouzot haitoshi. Les Sept Samouraïs (Kurosawa, 1954) ni dakika 207, hiyo ni ya jenereta, na ina mapumziko yake ndani ya filamu: hapo ndipo unazima mashine, unaiacha ipoe, unaongeza mafuta.