Usinunue kontroli boksi kabla hujapima pini ya 6 na ya 14

Mkuu uliyeuliza kuhusu gari lako, usimlipe huyo fundi. Toyota Harrier ya 2014 inawasha taa za injini, ABS (breki) na pawa stelingi kwa mpigo, geji zinalala ukipita tuta kisha zinaamka, tena yote yameanza baada ya kufungiwa GPS ya kufuatilia gari, halafu mtu anataka laki tisa akubadilishie kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini? Uliuliza pia skana ipi ununue na kwa nini gari linakula mafuta; hayo yasubiri.

Haya yamenikuta hapahapa Arusha. Fundi wa Unga Limited alichomeka mashine, ikaleta kodi (namba ya hitilafu) U0100, akatamka bila kusita kwamba boksi limekufa. U0100 inasema vifaa vingine havipati mawasiliano na kompyuta ya injini, basi. Kompyuta inaweza kuwa nzima na waya ndio umekatika njiani. Likaletwa boksi la mtumba kutoka Dar. Kulifunga tu, gari likagoma kuwaka, maana boksi la gari jingine halizijui funguo zako na imobilaiza, kinga ya wizi, inazuia. Ikaja bili nyingine ya kuoanisha funguo. Gari lilipowaka, taa zilezile zikarudi. Muuzaji akasema vifaa vya umeme havirudishwi, na fundi, bila hata kuona haya, akaanza kunishawishi ninunue boksi la ABS! Bado ananikera, kwa sababu kipimo cha kumaliza ubishi kinafanywa kwa tesita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida ambayo alikuwa nayo mfukoni.

Magari haya yanawasiliana kwa CAN, mfumo ambao Bosch waliutambulisha 1986: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na injini, breki, stelingi na geji zote zinapitisha ujumbe humo humo. Jumbe mbili zikianza pamoja, yenye namba ndogo ndiyo inayopita kwanza. Kwa hiyo nyaya hizo zikipata hitilafu, taa zinawaka kwa pamoja. Vifaa vitatu kufa dakika moja ni jambo la nadra sana. Kila mwisho wa njia una rezista, kizuizi cha umeme, ya omu 120, na ukipima mbili hizo zikiwa sambamba unapata 60.

Sasa fanya hivi. Toa terminali hasi ya betri, weka tesita kwenye omu, gusa pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia, chini ya stelingi. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakubali 54 hadi 69. Ukikuta karibu 120, njia imekatika mahali au upande mmoja umepotea: fuatilia waya kwanza, ukianzia pale GPS ilipoungwa. Ukikuta karibu na sifuri, nyaya zimegusana: chomoa kifaa kimoja kimoja, GPS ikiwa ya kwanza, mpaka namba irudi. Na kwa kuwa hitilafu yako inakuja na kuondoka, 60 ya gari lililotulia isikudanganye. Mtu atikise nyaya za chini ya dashibodi huku wewe unaangalia namba.

Kwangu ilisoma 120. Aliyeligundua tatizo ni fundi umeme mmoja wa Majengo, Moshi, mtu mtulivu asiyetaja vipuri kabla ya kupima. Mfungaji wa GPS alikuwa amezichuna nyaya mbili za CAN, akaunga kwa vidole na kuzungushia tepu, maji yakaingia, mmoja ukaliwa na kutu ya kijani. Zikaungwa kwa risasi, zikasokotwa upya, boksi langu la zamani likarudi mahali pake na taa zote zikazima. GPS ya kujua tu gari liko wapi inahitaji umeme na bodi (hasi), haina sababu ya kugusa nyaya hizo kabisa.

Tesita ya bei ndogo inatosha. Pima leo kabla hujatoa hata advansi, kisha uandike hapa namba uliyoipata, gari likiwa limetulia na nyaya zikitikiswa.