Kondoo wametupa mimba, na mume wangu ana homa

SWALI: Shikamoo Daktari. Sisi ni wafugaji na wakulima wa mpunga wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Baada ya mafuriko, kondoo wetu wanne walitupa mimba katika juma moja. Mume wangu alimzalisha mmoja wao kwa mikono mitupu, akiwa na jeraha la mundu kidoleni. Siku ya tatu alishikwa na homa na maumivu ya viungo, lakini kipimo hakikuonyesha malaria. Majirani wanatushauri tumchinje kondoo aliyedhoofika kabla hajawa kibudu. Je, tufanye hivyo?

JIBU: Marahaba, mama. Nakusihi msimchinje. Mumeo naye arudi hospitalini leo hii, na habari ya kondoo waliotupa mimba aitaje mwanzo kabisa, maana bila hiyo mganga ataiona homa kama homa nyingine yoyote.

Yapo magonjwa kadhaa yanayotupisha mimba, na maabara ndiyo itakayothibitisha, lakini dalili hizi zikifuatana na mafuriko zinanitia shaka ya Homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa 2007 ilifika hata Iringa. Virusi vyake huenezwa na mbu, wakiwemo wale wa jamii ya Aedes, ambao mayai yao yaliyoambukizwa huweza kukaa miaka katika udongo mkavu, yakingoja maji yatuame ndipo yaanguliwe. Mbu humwambukiza mnyama. Binadamu, mara nyingi zaidi, huambukizwa kwa kugusa damu, kondo la nyuma au kitoto kilichotupwa. Ndiyo maana kidole kile chenye jeraha kinanitia wasiwasi kuliko kuumwa na mbu.

Kwa hiyo hatari kubwa ya kumchinja kondoo huyo ipo kwenye kisu, damu na uchunaji, hata kabla nyama haijafika jikoni. Maziwa yachemsheni. Mwiteni afisa mifugo, na mizoga isiguswe kwa mikono mitupu.

Wagonjwa wengi hupona ndani ya juma moja. Hata hivyo, mumeo akianza kutoka damu, kuchanganyikiwa au kuona ukungu, msisubiri hata usiku upite. Wewe unayemuuguza usimwogope, kwani haijathibitishwa kuwa ugonjwa huu huambukizwa kati ya mtu na mtu.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini haishauriwi ugonjwa ukishaingia, kwa sababu sindano inayopita mnyama hadi mnyama huweza kuvisambaza virusi. Ombeni kuchanjiwa mapema, kabla ya mvua za msimu ujao.