Sinyonyeshi, mbona maziwa yanatoka?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina miaka 31, naishi Tanga. Mwanangu ana miaka minne na nilimwachisha ziwa siku nyingi. Huu mwezi wa saba sijaona siku zangu. Nimepima mkojo mara tatu, mimba hakuna, lakini nikiminya matiti maziwa yanatoka. Wifi yangu anasema usiku nanyonywa na mtoto wa jini. Dawa ninayotumia ni vidonge vya kichefuchefu tu, nanunua duka la dawa kwa sababu ya tumbo. Mume wangu anataka mtoto wa pili. Nifanyeje?
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuvitaja vidonge hivyo. Wengi huvisahau hata wakiulizwa.

Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere iitwayo pituitari. Hiyo hutoa prolaktini, homoni inayoyafanya matiti yatengeneze maziwa. Mama akinyonyesha, prolaktini hupanda na kuzima ishara za ubongo zinazoiamsha tezi hiyohiyo itoe homoni za kupevusha yai. Ndiyo maana anayenyonyesha usiku na mchana huweza kukaa miezi bila hedhi. Kwa dalili ulizoandika, mwili wako unadhani bado una kichanga. Hapo hapana jini, wala hujamkosea mtu.

Ubongo huizuia prolaktini kwa kemikali iitwayo dopamini. Dawa za kichefuchefu kama metoklopramidi na domperidoni huizuia dopamini isifanye kazi yake, na prolaktini hupanda. Niliwahi kumhudumia mwalimu aliyezunguka kwa waganga miaka miwili. Tulipombadilishia dawa ya tumbo, hedhi ilirudi. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili nazo huipandisha, ila anayezitumia asiziache bila daktari wake. Tafadhali sana.

Nenda kwa daktari wa wanawake na pakiti ya vidonge mkononi. Upimwe damu: mimba, prolaktini, na homoni za tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikizembea nayo huipandisha prolaktini. Acha kabisa kuminya matiti, na kabla ya kutolewa damu keti utulie, kwani hata wasiwasi huongeza kiwango. Kwa mwanamke asiye na mimba, maabara nyingi huhesabu chini ya nanogramu 25 kwa mililita kuwa kawaida. Ikipita 200, mara nyingi kuna uvimbe kwenye tezi, na utahitaji picha ya MRI. Usiogope neno uvimbe. Karibu wote si saratani, na wengi hupona kwa vidonge vya kabagolini, mara moja au mbili kwa wiki, bila kupasuliwa. Lakini kichwa kikiuma mfululizo, au ukianza kutoona vizuri pembeni, nenda siku hiyohiyo: mishipa ya macho hupita juu ya tezi hiyo.

Mumeo naye apime mbegu. Prolaktini ikizidi kwa mwanamume hupunguza hamu na mbegu pia, na mtoto hutafutwa na wawili.

Jambo jingine: yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, hivyo unaweza kushika mimba kabla hujaziona siku zako. Ukiwa kwenye matibabu ukasikia kichefuchefu, pima mimba kwanza kabla ya kukimbilia vile vidonge.