Mzee aliyewekewa stenti asiache klopidogreli eti kwa kuwa anajisikia mzima

Mkuu, umesema mzee wako aliwekewa stenti, yaani kimrija cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, miezi minne iliyopita baada ya shambulio la moyo, na sasa anataka kuacha klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande: kifua kimetulia, damu inamvilia mikononi, na dawa zinakula hela. Tena ana jino la kung'oa. Nakujibu kama mgonjwa niliyezibuliwa mishipa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, na bado nahudhuria kliniki. Asiache.

Kinachowapoteza wengi ni kile kidonda cha nje. Mimi walipitia kwenye kifundo cha mkono, na tundu lilijifunga upesi, likabaki doa ambalo hulioni mpaka uonyeshwe. Kwenye moyo kwenyewe kazi inakuwa ndiyo kwanza imeanza. Puto limetanua mshipa, mafuta yamebanwa pembeni, na stenti, kimrija cha nyavu za chuma, imekandamizwa kwenye ukuta uliochubuka. Penye mchubuko mwili huotesha nyama. Stenti za zamani zilikuwa chuma kitupu, na kwa baadhi ya wagonjwa nyama hiyo iliota mpaka mshipa ukaziba upya. Ndiyo sababu za sasa hupakwa dawa, kama everolimasi, inayotoka kidogo kidogo na kuzuia seli zisizaliane.

Sasa dawa hiyo haichagui. Inazuia nyama mbaya, lakini inachelewesha pia ule utando laini unaotakiwa kufunika chuma. Chuma kitupu hufunikwa ndani ya wiki kadhaa. Chenye dawa huchukua miezi. Zile za mwanzo, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2003, wataalamu waliochunguza mishipa ya marehemu walikuta baadhi ziko wazi hata baada ya mwaka. Za kizazi kipya zina nyaya nyembamba zaidi na zinapona vizuri kuliko hizo. Lakini popote chuma kilipo wazi, chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, zinaweza kukishikilia na damu ikaganda. Bonge hilo huziba mshipa ghafla, na wengi linawaua. Aspirini ndogo pamoja na klopidogreli ndizo zinazomlinda mzee wakati utando unaota.

Kwa aliyepata shambulio, kawaida dawa hizo mbili huenda pamoja miezi 12. Aliyewekewa bila shambulio mara nyingi ni miezi 6. Daktari wa moyo anaweza kufupisha kwa mgonjwa anayevuja damu kirahisi, lakini uamuzi huo ni wake. Aspirini kwa kawaida huendelea maisha yote, na dawa ya kolesteroli vilevile, kwa sababu hata ule utando mpya unaweza kuingia mafuta miaka ya mbele.

Damu kuvilia mkononi ni kawaida, hata mimi ilinitokea. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na tafadhali mwangalie anaponunua dawa. Mgongo ukimuuma, duka la dawa la mtaani linampa diklofenaki bila kumuuliza chochote, na hiyo ikikutana na dawa zake inaongeza hatari ya kutoka damu tumboni, na kwa moyo pia si nzuri. Kiungulia kikimsumbua, amwambie daktari, maana omeprazo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Zipo dawa nyingine za kiungulia zinazofaa zaidi.

Hela naielewa kabisa. Mwombeni daktari amwandikie kwa jina la dawa, si la kampuni, kisha uliza bei maduka mawili matatu ya Kariakoo kabla ya kununua. Ikishindikana kabisa, semeni kliniki mapema, kabla vidonge havijaisha.

Jino lenyewe, kama linaweza kusubiri, lisubiri. Kama haliwezi, daktari wa meno aambiwe kuhusu stenti na aonyeshwe dawa zote, awasiliane na wa moyo. Mara nyingi jino hung'olewa mgonjwa akiendelea na dawa zake, damu ikazuiwa kwa kung'ata pamba au kushona fizi.